Shangazi, niache hili somo la sinema?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, kwetu Morogoro. Huu ni mwaka wa tatu niko hapa Ohio. Nilikuja na mama baada ya jina lake kutoka kwenye bahati nasibu ya green card. Nasoma chuo cha miaka miwili, nia yangu ni uuguzi. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi.

Kabla sijaingia uuguzi wenyewe natakiwa niwe na krediti tatu za somo la sanaa au utamaduni. Mwenzangu kazini akaniambia chukua Historia ya Sinema ya Marekani, pale unakaa gizani unatazama filamu, unachukua A yako unaondoka. Nikajiandikisha. Shangazi, hili somo ni zito kuliko anatomia. Kila wiki kurasa 40 za kusoma, maneno mapya kila siku, na filamu za mwanzo zote ni bubu, piano inalia taratibu. Darasa ni saa nane mchana, saa ambayo mwili wangu unadai kitanda. Nimesinzia mara mbili. Mara ya pili jirani yangu alinigusa bega.

Hilo ningelivumilia. Wiki ya tatu mhadhiri alituonesha vipande vya filamu ya mwaka 1915, The Birth of a Nation. Alituonya mapema kwamba ni ya kibaguzi, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Mzungu kajipaka masizi usoni ajifanye mtu mweusi, anamfukuza binti wa kizungu msituni, binti anajirusha kutoka kwenye jabali anakufa. Kisha wanakuja watu wa kanzu nyeupe na farasi, wanamuua yule mtu, na filamu inataka tuwashangilie. Darasani tuko 24. Weusi ni mimi na kijana mmoja wa hapa hapa, na siku hiyo hakuja. Taa zilipowashwa watu kama wanne waligeuka kuniangalia. Hawakuniangalia kwa ubaya, waliniangalia kama wanaosubiri niseme neno. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mhadhiri, ni mama wa makamo, ameniandikia nipite ofisini kwake tuzungumze. Sijamjibu.

Na kuna insha ya kurasa nane: tuchague filamu moja ya Kimarekani, tueleze inavyohusiana na historia ya wakati wake. Wenzangu wanazijua filamu tangu utoto. Mmoja alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka ukumbini kila Jumamosi, wakirudi nyumbani wanajadili mwongozaji kafanya nini. Mimi filamu zangu nimezionea kibanda umiza nyuma ya stendi, shilingi mia mbili, tumebanana kwenye mabenchi, televisheni moja juu ya kreti za soda, na mtafsiri anapiga Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Hayo nayasemaje mbele za watu?

Baba mdogo, ambaye hunisaidia ada kidogo, aliposikia alinipigia simu: "Tumekutuma Marekani ukatazame sinema?" Mtu pekee anayelifurahia somo langu ni bibi mmoja pale kazini, mtu mweusi aliyekulia Alabama, ana miaka 91. Kila usiku nikienda kumgeuza ananiuliza leo umesoma nini.

Mwisho wa kujitoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Niache au nisiache?

Ni mimi ninayesinzia, Ohio

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha.

Usiache hilo somo. Nimetanguliza jibu ili haya mengine uyasome moyo umetulia.

Naanza na kibanda umiza, maana hapo ndipo nilipoirudia barua yako mara tatu. Wewe unaona umeingia darasani mikono mitupu. Mimi naona katika watu 24 wa darasa lile, huenda wewe peke yako ndiye uliyewahi kukaa ndani ya kitu ambacho wenzako wanakisoma kitabuni tu.

Sikiliza. Mwezi Juni 1905, mjini Pittsburgh, jimbo la jirani na lenu, wafanyabiashara wawili, Harry Davis na John P. Harris, walichukua chumba cha duka, wakapanga viti, wakatundika pazia, wakatoza senti tano kila kichwa. Sarafu ya senti tano Wamarekani huiita nikeli, na ukumbi ule ukaitwa nikelodeoni. Picha za kutupwa ukutani zilishaonekana New York tangu Aprili 1896, lakini huko zilikuwa pambo la ukumbi wa muziki, kwa watu wenye nafasi. Hii ya Pittsburgh ilikuwa ya mtu anayetoka kiwandani na vumbi lake. Ndani ya miaka michache vyumba vya namna hiyo vikawa maelfu nchi nzima. Waliovijaza walikuwa vibarua na wahamiaji: Wayahudi waliotoka Urusi, Waitalia, Wapoland, wengi wao Kiingereza hakijawakaa mdomoni. Filamu bubu haikuwadai lugha. Na pale ambapo hadithi ilikuwa ngumu kufuata, baadhi ya kumbi ziliweka mtu asimame kando ya pazia, awaeleze watu nani ni nani na kwa nini analia.

Sasa mkumbuke mtafsiri wako wa nyuma ya stendi. Tanzania tulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, mashabiki wakimwita Lufufu, ambaye alichukua mikanda ya kigeni akaisimulia upya kwa Kiswahili, akiongeza utani wake na mafundisho yake; yuko mwanazuoni wa Ujerumani aliyekaa akaandika juu ya kazi yake. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita mavijei. Kazi ile ambayo vitabu vyako vinaieleza kwa aya mbili kama jambo lililokufa zaidi ya miaka mia iliyopita, wewe umeisikia kwa masikio yako. Unajua kitu ambacho kitabu hakiwezi kukuambia: kwamba msimuliaji akiwa hodari, watu hulipa kwa ajili yake, filamu ikawa kisingizio. Unajua mabenchi yakijaa sauti inavyopanda. Unajua watu wanavyomwonya shujaa kwa kelele, "nyuma yako!"

Na hata ile hofu ya kufungiwa unaijua. Tarehe 24 Desemba 1908, mkesha wa Krismasi, meya wa New York, George B. McClellan, alifuta leseni za nikelodeoni zote za jiji kwa siku moja, zaidi ya mia tano. Sababu walizotoa zilikuwa moto, kwa kuwa mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa nitreti na ilikuwa ikiwaka kama petroli, na pia maadili: giza, vijana, wanawake na wanaume wamekaa pamoja, tena hata Jumapili. Nani kwetu hajawahi kuyasikia maneno hayo yakisemwa juu ya vibanda vya video?

Wenye vyumba vile ndio waliokuja kumiliki Hollywood. Carl Laemmle, mhamiaji wa Kijerumani, alifungua nikelodeoni Chicago mwaka 1906. Miaka sita baadaye akaanzisha kampuni ya filamu ya Universal. William Fox na Adolph Zukor walizaliwa Hungaria, nao walianzia kwenye vyumba vya senti. Ndugu wa Warner, wana wa fundi viatu kutoka Poland, walikuwa wakiishi Youngstown, hapo hapo Ohio kwenu, walipopata mashine ya kuoneshea na nakala ya The Great Train Robbery, filamu ya mwaka 1903, wakawa wanazunguka nayo mji kwa mji. Inasimuliwa kwamba walipofungua ukumbi wao wa kwanza viti waliazima kwa mtu wa kuzika maiti, akiwa na msiba wanarudisha. Mwanangu, hiyo na televisheni juu ya kreti za soda vina tofauti gani?

Kwa hiyo siku mhadhiri akiuliza swali kuhusu nikelodeoni, nyoosha mkono. Eleza kibanda chako kama ulivyonieleza mimi, na bei yake na kreti zake.

Sasa nije kwenye filamu iliyokutoa nje.

Hasira yako ni ya haki na ina historia ndefu kuliko umri wetu sote. Filamu ile ilipotoka, Februari 1915, watu weusi wa Marekani hawakukaa kimya. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kilichokuwa na miaka sita tu tangu kianzishwe, kiliipinga mji kwa mji. Boston, mwezi Aprili, mhariri William Monroe Trotter alikwenda ukumbini na wenzake kuzuia onyesho, akakamatwa na polisi. Hawakuwa na wasiwasi wa bure. Novemba mwaka ule ule, juu ya Stone Mountain huko Georgia, Ku Klux Klan, wale wa kanzu nyeupe uliowaona, iliyokuwa imekufa kwa miongo kadhaa ilifufuliwa, na waliofufua walilitumia jina la filamu ile kuvuta watu. Nakuambia haya ili ujue kwamba ulipochukua mkoba wako ukatoka, ulifanya jambo ambalo limo ndani ya historia ya filamu yenyewe. Watu wamekuwa wakiinuka mbele ya pazia lile tangu siku ilipoanza kuoneshwa.

Na wale wanne waliogeuka kukuangalia hawakudai kitu. Huna deni la kuwa msemaji wa watu weusi duniani kila taa ikiwashwa. Ukiwa na la kusema, sema. Usipokuwa nalo, andika daftarini mwako kama wao.

Lakini ukae. Ukae kwa sababu ya kile mhadhiri wako atakachofikia wiki zijazo, na kama hakimo kwenye ratiba yake, wewe mwombe. Yupo mtu aitwaye Oscar Micheaux. Alizaliwa Illinois mwaka 1884, wazazi wake walishakuwa watumwa. Alikwenda South Dakota akalima shamba, akaandika riwaya akiziuza mwenyewe nyumba kwa nyumba, kisha akaamua kutengeneza filamu bila studio yoyote nyuma yake. Mwaka 1920 akatoa Within Our Gates. Hiyo itafute uitazame. Imo mtandaoni bure, muda wake wa kulindwa na hakimiliki umekwisha.

Itazame hivi. Kwenye ile ya 1915 mwongozaji wake, D. W. Griffith, alifanya jambo ambalo waongozaji wanalitumia hadi leo: picha inaruka huku na huku. Huku binti yuko hatarini, kule wapanda farasi wanakuja mbio. Huku mlango unavunjwa, kule vumbi la kwato. Kila mruko ni mfupi kuliko uliopita, na moyo wako unapiga kwa kasi ile ile utake usitake. Ndiyo maana ilikuumiza zaidi kuliko kijitabu cha ubaguzi kingekuumiza. Ilikuvuta upande wa wauaji kwa mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Micheaux akaishika mbinu ile ile akaigeuza. Karibu na mwisho wa filamu yake, huku familia ya mkulima mweusi, Landry, inanyongwa na kundi la Wazungu kwa kosa ambalo hakulitenda, kule binti yao wa kulea, Sylvia, yuko ndani ya nyumba anapambana na mwanamume wa Kizungu anayetaka kumnajisi. Picha inaruka: kamba, nyumba, kamba, nyumba. Hakuna wapanda farasi wanaokuja kuokoa. Mkono wa yule mwanamume unapasua nguo, anaona kovu kifuani kwa binti, anasimama kama aliyepigwa na radi. Kovu lile analijua. Binti anayetaka kumnajisi ni mwanawe mwenyewe wa damu. Katika tukio moja Micheaux ameshasema nani kwa kweli alikuwa akiwanajisi wanawake wa nani kule Kusini, na hakuhitaji hotuba. Mimi niliitazama nimesimama. Mikono ilikuwa imeshika mgongo wa kiti na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Kisha angalia ilichopitia. Bodi ya udhibiti ya Chicago iliikataa mwanzoni, wakihofia yale matukio ya kunyongwa, kwa maana kiangazi kilichotangulia, 1919, watu 38 walikuwa wameuawa mjini humo katika ghasia za kibaguzi. Ikakatwa hapa, ikazuiwa pale, hatimaye ikapotea kabisa. Miongo mingi baadaye nakala moja ikapatikana Hispania, ikiitwa La Negra, maandishi yake yamegeuzwa Kihispania. Maktaba ya Bunge ya Marekani ikaikarabati mwaka 1993, na ili Wamarekani waisome filamu yao wenyewe ilibidi maandishi yatafsiriwe kurudi Kiingereza. Wewe uliyekulia kwa mtafsiri, hilo lisikupite.

Ohio pia imo. Mwaka 1913 jimbo lenu lilitunga sheria ya kukagua filamu kabla hazijaoneshwa. Kampuni moja ya filamu, Mutual, ikashtaki, na Februari 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema sinema ni biashara tu kama biashara nyingine, haina kinga ya uhuru wa kusema. Msimamo huo ulidumu hadi 1952. Kwa nguvu za udhibiti wa namna hiyo Ohio iliweza kuizuia filamu ya Griffith. Kwa wembe ule ule filamu za Micheaux zilichanwachanwa katika miji mbalimbali. Hapo pana swali ambalo watu wazima hawajalimaliza, na ni zuri kuliko yote la kumpelekea mhadhiri ofisini. Nenda, mwanangu. Mjibu leo, maneno matatu yanatosha. Ukifika mweleze mambo mawili: kwamba ulitoka kwa sababu filamu ilikuuma, na kwamba unakesha kazini. Mwombe akutajie filamu za wiki zijazo ili uzitazame siku yako ya mapumziko, ukiwa umelala. Ukifika darasani unaitazama mara ya pili, na mara ya pili usingizi huwa haupati nafasi kwa kuwa unatafuta kitu. Filamu bubu usiitazame umelegea. Shika kalamu, kila picha ikiruka piga mstari mmoja. Baada ya dakika tano utaanza kuona kwa nini imeruka hapo na siyo pengine.

Tena, kabla hata ya kufikiria kujitoa, kamuulize mshauri wa masomo krediti zitabaki ngapi. Kama unasaidiwa ada na serikali na ukashuka chini ya 12, huhesabiwi tena mwanafunzi wa muda wote, na fedha inaweza kupungua. Wengi wamejitoa kwenye somo moja wakaja kushtuka kwenye malipo.

Insha sasa. Wewe una sikio ambalo wenzako hawana, na sinema ya Marekani imejaa Kiswahili ambacho watazamaji wake wengi hawakisikii kama lugha, wanakisikia kama sauti za porini. Nakupa mfano mmoja, ukiupenda uchukue.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Wiki chache baadaye kampuni ya MGM ilikuwa na kambi yake Afrika Mashariki ikipiga picha za Mogambo, chini ya mwongozaji John Ford, na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Ni hadithi ya mapenzi ya mwindaji na wanawake wawili. Miaka kumi baadaye, 1962, Paramount wakatoa filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika, upande wa Arusha na Momella, John Wayne akikamata faru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama. Jina lake Hatari! Neno ni lile lile. Kwa Mkenya wa miaka ile hatari ilikuwa kambi za kizuizini na mlango kugongwa usiku. Kwenye bango la sinema ikawa furaha ya kukimbiza wanyama kwa gari, na alama ya mshangao juu. Na Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, kati ya kupigwa picha kwa filamu ile na kutolewa kwake. Basi itazame ukijiuliza: humo ndani Mwafrika gani ana jina? Nani anasema sentensi nzima? Kiswahili kinachosemwa kinaamrisha nini? Hizo ni kurasa nane na utabakiza.

Ukitaka kitu kifupi cha kufungulia, chukua Return of the Jedi ya 1983, moja ya filamu za Star Wars. Yule kiumbe mwenye mashavu makubwa aliyekaa kwenye chombo cha anga pembeni ya rubani Lando, jina lake Nien Nunb, watazamaji wa Marekani walidhani anasema lugha ya kubuni. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa akisoma Marekani, akisema lugha za kwao. Mwanafunzi kama wewe. Kule Kenya watu walielewa alichosema.

Baba mdogo usigombane naye. Anahofia fedha yake, na amezoea kuona sinema ni starehe ya jioni. Mwambie shahada haitoki bila krediti zile tatu, hilo litamtosha kwa leo. Siku ukipata nafasi msimulie kesi ya 1948, serikali ya Marekani dhidi ya Paramount na wenzake, jinsi kampuni zilizotengeneza filamu zilivyomiliki pia kumbi, na kumlazimisha mwenye ukumbi mdogo kununua filamu mbovu kumi ili apate moja nzuri, mpaka Mahakama Kuu ikawatenganisha na kumbi zao. Kama aliwahi kuuza chochote kwa jumla na rejareja, atasikiliza hadi mwisho.

Nimembakiza bibi wa Alabama.

Filamu bubu ndefu zilizotengenezwa Marekani ni karibu 11,000. Ripoti ya Maktaba ya Bunge ya mwaka 2013 ilionesha kwamba zilizobaki kamili katika mkanda wake wa asili ni 14 tu kwa kila 100. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza maboksini, nyingine zilitupwa na wenyewe walipoona sauti imekuja na hazina bei tena. Na hizo ni filamu, vitu vilivyowekwa kwenye ghala. Jinsi watu walivyokaa kuzitazama haikuwekwa popote.

Bibi wa miaka 91 aliyekulia Alabama alikuwa mtoto katika miaka ya 1940, wakati Wamarekani walipokuwa wakienda sinema kama watu wanavyokwenda sokoni. Kule Kusini watu weusi waliingia kwa mlango wao wa pembeni, wakapanda ngazi mpaka roshani ya juu kabisa, au walikuwa na kumbi zao kando. Ilikuwa hivyo kisheria au kimazoea hadi sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipozitaja kumbi za sinema kwa jina. Mwaka 1940 mwigizaji Hattie McDaniel alipopewa tuzo ya Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata, hotelini alikalishwa kwenye meza ndogo mbali na wenzake walioigiza naye. Hayo utayasoma. Lakini mlango wa pembeni ulikuwa wa rangi gani? Ngazi zilikuwa ngapi? Kule juu walinunua wapi bisi? Walicheka mahali pale pale walipocheka Wazungu wa chini? Walipoona mtu wa rangi yao kwenye pazia anafagia au anafungua mlango, nani alisema nini?

Usiku wa leo ukimaliza kumgeuza na kumvuta shuka, na akikuuliza umesoma nini, mjibu, kisha umuulize yeye alikuwa akikaa wapi. Mwombe ruhusa kabla ya kuandika chochote, na jina lake lisitokee popote, taratibu za kazi yako unazijua. Akichoka mwache alale, kesho yupo. Ukitoka saa moja asubuhi, kabla hujapanda basi, yaandike maneno yake kama alivyoyasema.

Halafu uniandikie mimi.

Shangazi yako